Maneno Niliyoyasema Siku ya Mahafali ya Marwa

Mwalimu wenu wa fizikia alinipigia simu wiki iliyopita. Baada ya kunipa shikamoo na kuuliza habari za magoti yangu, akaniambia kwamba klabu ya roboti mwaka huu ina wanafunzi wanne wanaostahili cheti cha kiongozi bora, na cheti ni kimoja. "Madam, wewe ulikuwa unamchaguaje?" Nikamjibu kwamba jambo hilo halisemeki kwenye simu. Nitaandika, naye awasomee ninyi nyote mkiwa mmekaa, walimu na wanafunzi.

Basi nimekaa hapa kwangu Nkende, cherehani ya jirani inanikereketa masikio, na nimeshachana karatasi mbili. Kazi mnayoniuliza niliifanya miaka mingi. Niliikosea mara kadhaa kwa namna ya kuchekesha, na mara moja kwa namna ambayo hadi leo sijaimaliza. Siwezi kuwaeleza ya kwanza nikaacha ya pili, kwa hiyo mnivumilie.

Boksi la kwanza la vifaa vya roboti lilipofika shuleni kwetu, upande wa Morotonga mjini Mugumu, mkuu wa shule alinikabidhi mimi kwa sababu nilifundisha fizikia. Ni sawa na kumkabidhi mwalimu wa jiografia meli kwa kuwa anaijua ramani ya bahari. Sikuwa nimewahi kuiona roboti. Nilisoma kile kijitabu siku tatu, nikaunga kigari cha magurudumu mawili chenye kompyuta ndogo mgongoni, kubwa kidogo kuliko kiberiti. Tukachora mstari mweusi sakafuni ili kiufuate. Nikakiwasha mbele ya kidato cha pili chote. Kikaenda kinyumenyume, kikaingia chini ya kabati la kemikali, kikabaki huko kinanguruma. Nilikuwa nimegeuza nyaya za mota. Mwanafunzi mmoja akasema taratibu, "Madam, kimeona fizikia kikakimbia." Nilicheka pamoja nao, lakini likizo ilipofika nilipanda gari kwenda Tarime kutafuta mtu wa kunifundisha.

Mtu huyo alikuwa Mzee Otieno, fundi redio aliyekuwa na chumba chembamba karibu na soko. Nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake nacho kilikuwa kinavuka na kurudi. Alinifundisha kulehemu. Mimi nilikuwa napasha moto risasi ya kulehemia, inadondoka mezani na haishiki popote. Akanishika mkono. "Mwalimu, pasha waya. Waya ikipata moto, risasi itakuja yenyewe." Alinifundisha kusikiliza mota kwa sikio kabla ya kuifungua. Alinifundisha pia kwamba ukiingiza mkono kwenye kitu chenye umeme, ule mwingine uuweke mfukoni, maana umeme ukiingilia mkono huu na kutokea ule, njia yake ni moyoni.

Alikuwa pia na rafu ya vitu alivyoshindwa. Mwenye redio akija kuichukua, Mzee Otieno alimwambia bila haya, "Hii imenishinda. Jaribu Musoma." Nikamuuliza kama hapotezi wateja kwa mtindo huo.

"Mteja akikasirika leo, kesho atarudi," akasema. "Mimi nikifa, sirudi."

Niliondoka kwake na daftari lililojaa habari za risasi, mota na betri. Hilo la rafu sikuliandika. Nililiona kuwa kichekesho cha mzee.

Sasa tuje kwenye kuchagua viongozi. Mara ya kwanza nilimpa cheti kijana aliyekuwa anashika bisibisi. Kila mgeni akiingia maabara, awe afisa elimu au mfadhili, kijana huyo yuko mbele, bisibisi mkononi, anaeleza. Alieleza vizuri mno. Alipokwisha kumaliza shule ndipo nilipogundua kwamba bisibisi yake ilikuwa ya nyota, na katika vifaa vyetu vyote hapakuwa na skrubu hata moja ya nyota. Muda wote ule alikuwa ameshika kitu kisichoweza kufungua chochote, na mimi nikampigia makofi.

Baada ya hapo nikaacha kuwapima watu wakiwa mbele yangu. Nikawa nasimama nje, pembeni ya dirisha la maabara, dakika kumi kabla ya kuingia. Anayeulizwa maswali wakati mwalimu hayupo, huyo ndiye kiongozi, hata kama hana cheo. Hilo lichukueni, bado naliamini. Na ni pale dirishani nilipomwona Marwa.

Marwa alikuwa mtoto wa Mzee Nyamhanga wa Kisaka, mkulima na mfugaji. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu, suruali imeishia juu ya vifundo vya miguu. Siku ile msichana wa kidato cha kwanza aitwaye Gati, binti wa baba mdogo wa Marwa, aliunga betri kinyume na moshi ukatoka. Wengine wote waliruka. Marwa alichomoa waya, akasubiri moshi uishe, akamwambia, "Harufu hiyo sasa umeijua. Siku nyingine ukiisikia, chomoa kwanza, maswali baadaye." Kisha akamrudishia waya aunge mwenyewe. Nilipotazama vizuri nikaona amekalia viganja vyake. Alijua mikono yake ina haraka, akaikalia ili yule mtoto apate kujifunza. Nimefanya kazi na watu wazima wenye shahada ambao hawajafika hapo.

Mwaka uliofuata alikuwa nahodha wa klabu, na hapakuwa na kura, watu walimgeukia tu. Tulipokwenda mashindanoni Musoma, gurudumu moja la roboti yetu lilipasuka njiani. Marwa aliomba kandambili ya dereva, akakata duara kwenye soli kwa wembe, na roboti yetu ikakimbia na gurudumu la bluu mpaka nafasi ya pili. Dereva alirudi Mugumu mguu mmoja peku, na kila kituo alichosimama alishuka kuwaonyesha watu mguu huo kama vile ndio ulioshinda.

Alikuwa na kasoro moja, nami niliihesabu miongoni mwa sifa zake. Hakujua kukataa. Matroni alimletea pasi, walimu walimletea simu zilizoanguka kwenye maji, mpishi alimletea tochi, naye alipokea kila kitu. Nilimkuta mara nyingi amekosa chakula cha mchana, ameinamia kitu cha mtu ambaye hata jina lake halijui vizuri. Nilimwambia, "Marwa, utachoka." Akasema, "Madam, wamekuja wananitegemea." Nikatabasamu nikapita. Nilipaswa kukaa pale pale nimfundishe somo la Mzee Otieno, nami sikuwa nalo hata kwenye daftari.

Siku ya mahafali yake wazazi walijaa chini ya maturubai. Mzee Nyamhanga alikuja na koti zito katika jua lile, jasho linamtoka, hataki kulivua. Nilikuwa nimeandika sentensi tano za kumwelezea kiongozi bora wa mwaka. Niliposhika kipaza sauti nikaziacha. Nilisema, "Wazazi, huyu Marwa hakuna kitu kitakachomshinda. Mkiwa na chochote kimeharibika huko Kisaka, msihangaike na mafundi wa mjini. Mpeni huyu."

Vigelegele vikapigwa. Mama yake akaja mbele akicheza na kumvisha shada la maua ya karatasi. Mzee Nyamhanga alisimama mahali pake, mikono ubavuni, kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa. Nilishuka jukwaani nimefurahi kuliko siku niliyopokea shahada yangu mwenyewe. Maneno yale hayakunichukua muda hata wa kufunga kamba za viatu.

Desemba ile, vijana wakisubiri matokeo, Kisaka ilimletea Marwa vitu vyake. Redio, simu, taa za sola. Vingi alivitengeneza. Kisha mashine ya kusaga ikasimama. Ilikuwa imetolewa kwenye dizeli na kuingizwa kwenye umeme miezi michache nyuma, ule umeme mkubwa wa nyaya tatu. Mota ikawa inanguruma bila kuzunguka. Fundi aliyeifunga alikuwa safarini, akasema atafika baada ya siku mbili. Watu walikuwa wamepanga foleni na ndoo za mahindi tangu asubuhi. Wakamwita Marwa.

Mimi nilipata habari kwa simu, mchana, nikiwa nasahihisha mitihani. Siku ya maziko nilikwenda Kisaka kwa bodaboda, na Gati, ambaye sasa alikuwa anaingia kidato cha tatu, akanivuta nyuma ya jiko la nyumba yao. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa kwenye foleni ile siku ile.

"Alikataa kwanza, Madam," akaniambia. "Alisema, umeme huu mimi sijausoma, sisi tulikuwa na betri tu. Akasema wamsubiri fundi."

"Wakasemaje?"

Gati alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu. "Wakasema, mura, si wewe ambaye madam wako alisema hakuna kinachokushinda? Au alikuwa anadanganya wazazi? Wakacheka. Akaondoka kwenda nyumbani, mimi nikajua basi, amekataa. Halafu akarudi."

Akaendelea mwenyewe.

"Alizima swichi kubwa, Madam. Nilimwona akiishusha. Ndipo akafungua boksi la swichi yenyewe, akaingiza mkono."

Ninyi mnaosoma fizikia mmeshaelewa. Swichi kubwa ikishushwa hukata umeme unaokwenda kwenye mashine. Nyaya zinazotoka kwenye nguzo na kuingia kwenye swichi yenyewe, upande wa juu, hubaki na umeme wake uleule. Betri ukiichomoa umechomoa kila kitu, na mimi miaka yote nilimfundisha mambo ya betri. Upande wa juu wa swichi sikuwahi kumtajia, kwa sababu klabu yetu haikuwa na kitu cha namna hiyo. Testa ya kupimia umeme hakuwa nayo. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika mwili wa mashine, ambao ni chuma; lile la mkono mfukoni nalo sikuwahi kumfundisha, kwa kuwa betri zetu hazikulihitaji.

Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Pale msibani niliyasikia maneno yanayopita kwenye mikeka. Mwenye mashine alikuwa ameshawaambia watu kwamba kijana hakuzima, kwamba alikuwa na haraka na majivuno ya shule. Wengine walisema ni jicho baya, kwamba amesifiwa mno mbele za watu. Hao wa jicho baya niliona wako karibu na ukweli kuliko walivyodhani. Mzee Nyamhanga alikuwa amekaa na wazee wenzake. Akanipa mkono, akasema, "Madam, umefika." Nikasema pole. Sikusema kingine, nikarudi Morotonga.

Nilikaa na jambo hilo miezi minne. Nilifundisha, nilisahihisha, niliimba kwaya kanisani, lakini maabara ya roboti niliifunga na ufunguo nikauzika chini ya madaftari. Mwishowe nikaenda Kisaka peke yangu. Nilimkuta Mzee Nyamhanga anaziba pengo kwenye zizi kwa matawi ya miiba. Aliniitikia shikamoo, akanisogezea gogo nikae, akaendelea na kazi.

"Mzee," nikasema, "nimekuja kwa ajili ya maneno niliyoyasema siku ya mahafali."

"Maneno gani?"

"Kwamba hakuna kitu kitakachomshinda. Ndiyo waliyomtajia pale mashineni mpaka akaingia. Nimekuja kukuomba radhi."

Aliweka panga chini. Ng'ombe mmoja alikuja akamnusa bega, naye hakumfukuza.

"Wewe uliyasema mara moja," akasema. "Mimi niliyasema mnadani. Niliyasema kilabuni. Niliyasema kwa watu nisiowajua hata ukoo. Na siku ile alirudi hapa nyumbani kuniuliza. Alisimama hapo ulipokaa. Akaniambia, tata, ile mashine siifahamu. Mimi ndiye niliyemwambia aende, asinitie aibu mbele ya watu."

Akachukua panga tena. Nikainuka nikawa nampa matawi, moja baada ya jingine, naye anayapanga. Tuliziba lile pengo lote. Mikono yangu ilichanika na sikuihisi mpaka nilipofika nyumbani.

Klabu aliifungua Gati. Alikuja ofisini siku moja baada ya vipindi.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba."

"Naomba ufunguo wa maabara."

"Wa nini?"

"Wadogo wanauliza," akasema.

Nilimpa. Sikuingia na yeye siku ile, wala wiki ile. Nilirudi pale dirishani kwangu. Gati hakuwa na vichekesho vya Marwa, wala wepesi wa mikono yake. Alikuwa mtaratibu hadi anakera. Lakini alikuwa na desturi moja: kabla ya kuwasha chochote anawauliza wote, mmoja mmoja, "Nini hapa hukijui?" Na anasubiri. Asiyekuwa na jibu hawashi. Mwanzo walimcheka. Baada ya muda nikasikia mtoto wa kidato cha kwanza akisema kwa sauti ya fahari kabisa, "Mimi sijui hii waya nyekundu inatoka wapi," na wenzake wote wakainama kuitafuta. Nilisimama nje nikafuta miwani yangu, nikaifuta tena.

Alipokuwa kidato cha nne tulirudi Musoma. Asubuhi ya mashindano Gati aliitoa betri kwenye mfuko wake, akaipitishia kidole. Ilikuwa imevimba kama tumbo la samaki aliyekaa juani. Betri za aina ile zikivimba zinaweza kuwaka moto. Haziwashwi, hazichajiwi, zinatolewa nje mbali na watu. Ya akiba ilikuwa imekufa wiki moja nyuma. Mkuu wetu wa shule alikuwepo na wageni aliowaalika, na jina letu lilikuwa linakaribia kuitwa.

"Ni dakika tatu tu," mkuu akasema. "Washeni hivyo hivyo, mkimaliza mtaitupa."

Wanafunzi wote wakamtazama Gati.

"Mkuu, betri imevimba. Hatuiwashi."

"Ameamua nani?"

"Mimi, Mkuu."

Mkuu akanigeukia. Nakiri mbele yenu kwamba ulimi wangu ulikuwa tayari kusema tujaribu. Watoto walikuwa wameifanya kazi ile mwaka mzima, na nilikuwa nimechoka kuwa madam ambaye klabu yake imekufa. Nilimwangalia Gati. Alikuwa ameificha betri mgongoni, mtu asije akaichukua.

"Kiongozi ameshasema," nikamwambia mkuu.

Tuliondolewa kwenye orodha. Tuliporudi Mugumu, vijana wawili hawakumsalimia Gati kwa wiki nzima. Nilipopeleka jina lake kwa ajili ya cheti, mkuu aliuliza swali la haki, "Madam, huyu ameshinda nini?" Nikamwambia, "Tulikwenda kumi na wawili, tukarudi kumi na wawili." Akanitazama, akavuta kalamu, akaweka sahihi.

Kabla ya mahafali nilimwita Gati. Nilimwambia wazi kwamba naogopa kipaza sauti, aniambie yeye anataka niseme nini. Alifikiri kidogo. "Madam, usiseme ninachoweza," akasema. "Sema nilichofanya."

Mzee Nyamhanga alikuja kama mzazi wake, kwa kuwa baba yake Gati alikuwa anafanya kazi mbali. Nilisoma kwenye karatasi bila kuinua macho. Nilisema Gati alifungua maabara iliyokuwa imefungwa. Aliwafundisha wenzake kumi na mmoja kulehemu. Siku ya mashindano aliona betri mbovu akasimamisha kazi. Basi. Makofi yalikuwa ya adabu, ya watu waliokuwa wanasubiri ngoma. Yalipokwisha nikasikia mtu mmoja bado anapiga, polepole, katikati ya wazazi. Sikuhitaji kutazama ni nani.

Gati yuko chuo cha ufundi sasa, anasoma umeme, huo wa nyaya tatu. Hunipigia Jumapili.

Hao wanne wenu, basi. Kwanza, cheti ni karatasi, na mna printa, chapeni vinne. Pili, msimpe mtu sifa ambayo atalazimika kuilipia siku mtakapokuwa hampo. Kama aliunganisha waya, semeni aliunganisha waya. Kama aliwagawia wenzake zamu yake, semeni hivyo, na muitaje siku. Sifa ya namna hiyo ni ndogo, haipigiwi vigelegele sana, lakini mtoto anaweza kwenda nayo nyumbani na isimsumbue. Na kama yumo ambaye hajui kukataa, huyo msimpe cheti kabla hamjamfundisha. Mkalisheni, mmletee kitu asichokiweza, mwambieni aseme hakiwezi, mbele ya wengine, mpaka aseme bila kuona haya. Itachukua muda zaidi kuliko kulehemu. Mimi nilikuwa na mwanafunzi aliyeweza kujifunza chochote, na hilo sikumpa.

Limebaki jambo moja. Huwa nakwenda Kisaka kila Desemba. Tunakaa, tunaongea mvua na ng'ombe, nanywa uji, narudi. Desemba iliyopita nilikuta nguzo za umeme zimefika mpaka uani kwao. Nyumba za jirani zina taa. Ya Mzee Nyamhanga haina.

"Wamekuja mara mbili kuniuliza," akaniambia. "Mke wangu anataka. Mimi sijawajibu. Nieleze kwanza kitu hicho kilivyo. Nieleze kama ulivyokuwa unawaeleza wanafunzi."

Nikachukua kijiti, nikachora chini. Nikachora nguzo, nikachora nyaya, nikachora swichi na mashine. Nikamwonyesha kinachokatika mtu akishusha swichi, na kisichokatika. Aliinama, mikono magotini, akifuata kijiti kwa macho.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuzima, na hapa juu bado upo?"

"Ndiyo, Mzee. Mpaka watu wa umeme waukate kule kwenye nguzo."

Akatikisa kichwa. "Marwa yeye hakuzima kabisa," akasema. "Ndivyo walivyoniambia."

Nikamtazama. Miaka yote hiyo nilikuwa nafunga safari kwenda pale na mzigo wangu, nautua mbele yake, naubeba tena narudi nao, na nilidhani jambo hilo analijua. Gati naye hakuwahi kumwambia. Katika nyumba ile kifo cha Marwa hakikuzungumzwa, na mtoto hawezi kumwanzishia baba yake mkubwa habari kama hiyo. Nilikuwa na kitu chake mkononi tangu siku ya maziko na sikumpa.

"Mzee, Marwa alizima," nikasema. "Gati alikuwepo. Alimwona akishusha swichi kwa mkono wake, ndipo akafungua boksi. Umeme uliomchukua ni huu wa juu."

"Alizima."

"Alizima."

Aliweka kidole chake pale kwenye mchoro, juu ya swichi, akakiacha hapo.

"Basi hakuwa mzembe."

"Hakuwa mzembe, Mzee. Alifanya yote aliyofundishwa. Hili hatukuwa tumemfundisha."

Alikaa ameinama vile vile, na bega lake moja likawa linatikisika, moja tu. Nikageuza uso nikaangalia nguzo. Baadaye akajifuta kwa mkono wa shati, akageukia upande wa jikoni.

"Mama Marwa," akaita. "Acha hiyo kazi, njoo hapa."

Mkewe alitoka anafuta mikono kwenye kanga, akaangalia michoro ile chini, akatuangalia sisi. Mzee Nyamhanga alimvutia kigoda, akakifuta vumbi.

"Kaa usikie," akamwambia. Kisha akaniambia mimi, "Madam, anza tena pale kwenye nguzo."

Nikaanza tena pale kwenye nguzo.